Siku Mama Kui Alipopewa Maiki

Kang'ethe alikuwa mtu wa kukodisha vyombo vya sauti. Mtaani Section 58, Nakuru, walimjua kwa hilo na kwa kupenda jazz. Kukiwa na harusi, mazishi au mkutano wa injili, yeye ndiye aliyepeleka spika, jenereta na maiki, akaketi nyuma ya mixer na kofia yake ya sufu, akahakikisha mchungaji anasikika mpaka kwa mtu wa mwisho kule nyuma. Akirudi nyumbani aliweka jazz sebuleni, na mkewe Joan alishajua kwamba si wakati wa kuuliza mambo ya maji wala ya stima mpaka wimbo uishe.

Aliuanza ugonjwa huo akiwa kijana, enzi alipokuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya Jeshi la Wokovu. Dereva mmoja wa lori aliyesali nao alimpa kaseti ya jazz isiyo na jalada. Kang'ethe aliisikiliza mpaka mkanda ukalegea. Kilichomshika hakikuwa ufundi wa vidole, maana hata kwenye bendi yao walikuwepo mafundi. Ni vile wale watu walivyosikizana. Mmoja anauliza kwa tarumbeta, wa piano anamwitikia, na wa ngoma yuko chini yao anawashikia njia. Mmoja akipotea, wenzake hawamwachi peke yake. Wanamfuata huko alikopotelea, mpaka msikilizaji anadhani tangu mwanzo walipanga kupita huko.

Dada yake mdogo, Wangare, hakuelewa hayo mambo. Alisema ni kelele za watu waliokosana. Wangare aliolewa na Ndung'u, fundi wa malori, na waliishi Githima, kijiji kidogo chini ya miteremko, upande wa Mai Mahiu. Walikuwa na mtoto mmoja, Kui, msichana wa darasa la tatu. Wangare alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu, akiwauzia madereva chai na maharagwe. Alikuwa akiamka kabla ya kila mtu.

Ndiyo maana alipona. Msimu ule wa mvua kubwa, maji yalishuka kutoka juu yakiwa na mawe, miti na udongo mwekundu, yakapita Githima alfajiri kama lori lililokatika breki. Wangare alikuwa kibandani akiwasha moto. Ndung'u na Kui walikuwa wamelala.

Kang'ethe alifika asubuhi ile ile. Alichokumbuka baadaye ni jinsi watu walivyokuwa wakifanya kazi. Hakuna aliyewapanga. Madereva waliacha malori yamepanga foleni barabarani, wakateremka na minyororo yao ya kuvutia magari. Wengine walichimba kwa jembe, wengine kwa sufuria na mikono. Mtu akipiga kelele "Hapa!", wote wanakimbia huko. Mwingine akiinua mkono, wote wananyamaza ili wasikie kama kuna sauti chini. Kisha wanaanza tena. Madereva ndio waliompata Ndung'u, amekwama chini ya mgunga, mbali sana na nyumba. Kui hakupatikana.

Serikali ilifika jioni. Yalikuja magari yenye vioo vyeusi, na mwanamume mwenye jaketi la kung'aa akapiga picha za mawe. Tingatinga lilikuja siku nyingine, watu wakiwa wameshaacha kutafuta walio hai na wameanza kutafuta wa kuzika. Dereva wake aliuliza achimbe wapi. Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo alizima injini akangoja.

Kwenye mazishi ya Ndung'u, Kang'ethe mwenyewe ndiye aliyeendesha sauti. Ilikuwa rahisi kuliko kukaa mbele na familia. Hakulia. Aliporudi Nakuru aliweka muziki wake kama kawaida, na hapo ndipo alipogundua kuna kitu hakiko sawa. Alisikia tarumbeta, akajua ni tarumbeta. Alisikia piano, akajua ni piano. Basi. Alidhani ni spika. Alizifungua, akakagua nyaya, akabadilisha moja iliyoonekana kuchoka, akafunga. Muziki ukatoka vile vile, safi kabisa, ukapita kando yake kama mtu asiyemjua.

"Zimeharibika?" Joan alimwuliza.

"Ziko sawa," alisema.

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, akapigiwa simu na bwana mmoja aitwaye Wasike, mtu wa itifaki katika ofisi moja ya serikali. Kulikuwa na shughuli ya kuwakumbuka waliokufa Githima. Mheshimiwa angekuja kuzungumza na waathiriwa na kugawa chakula. Walihitaji sauti nzuri, maana kungekuwa na televisheni.

"Unaijua hiyo sehemu, boss?" Wasike aliuliza.

"Naijua."

"Basi hutapotea."

Kang'ethe hakusema kwamba shemeji yake na mpwa wake walifia pale. Si kwamba alificha. Hakuona jinsi kitu kama hicho kinavyoingia katikati ya maneno kuhusu spika na jenereta. Lewis, dereva na msaidizi wake wa miaka mingi, ndiye aliyeligusia walipokuwa wakipakia vyombo.

"Mzee, hii tungewaachia watu wengine."

"Kazi ni kazi, Lewis."

Walifika Githima mapema. Hema jeupe lilikuwa limeshasimamishwa juu ya mchanga ambao zamani ulikuwa shamba la mahindi, na viti vya plastiki vimepangwa, vya mbele vikiwa na vitambaa. Walifunga spika nne, mbili mbele na mbili nyuma. Kang'ethe alikuwa akijaribu maiki, "moja, mbili, moja, mbili," alipomwona Wangare akija kwa njia ya miguu, amevaa rinda lake la kanisa na sweta ya kijivu. Tangu ile siku alikuwa amepanga chumba Mai Mahiu mjini, na kibanda alikuwa amekifungua tena.

Walisalimiana kwa mkono.

"Umekula?" Kang'ethe alimwuliza.

"Nimekula. Joan hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia. Sikujua utakuja."

"Wamesema niongee," Wangare alisema. "Huyu wa itifaki. Nitoe shukrani kwa niaba ya waathiriwa."

"Utasema nini?"

"Ameniambia. Nishukuru kwa unga, nishukuru kwa blanketi, na nishukuru kwa nyumba."

"Nyumba gani?"

"Zenye zinakuja."

Alisema hivyo bila kejeli, kama mtu anayetaja vituo vya barabarani. Kang'ethe alimwangalia.

"Si lazima ukubali."

"Alisema mtu akiongea vizuri jina lake halisahauliki kwenye orodha. Si mbaya. Ni maneno tu." Akaangalia spika. "Hizi ndizo ulileta kwa mazishi ya Baba Kui?"

"Ndizo."

"Zilisikika vizuri," Wangare alisema, akaenda kuketi na wanawake wenzake.

Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi. Jua lilipanda, watu wakajaa, watoto wakaanza kulia kwa joto la hema. Wasike alikuja mbio, jasho limeloanisha kola. Alikuwa kijana mnene mwenye adabu, na simu zake mbili hazikunyamaza.

"Boss, weka muziki kidogo. Kitu laini. Amechelewa kutoka mkutano mwingine."

Kang'ethe alikuwa na flashi yake ya nyimbo mfukoni. Hakufikiria sana. Aliweka wimbo wa taratibu, wa tarumbeta iliyozibwa mdomo, ngoma ikipigwa kwa fagio laini. Watu hawakuujali wala hawakuukataa. Mzee mmoja alilala. Wangare alikuwa ameinua kichwa, ameangalia spika ya mbele.

Kang'ethe naye alisikiliza, akingoja kama kitu kitamgusa, na kwa kuwa hakikumgusa, akaanza kufikiria. Alifikiria asubuhi ile ya madereva na minyororo. Waliitikia. Hawakufanya lolote zaidi ya hilo. Mtu aliita, nao wakaitikia papo hapo, kwa walichokuwa nacho mkononi. Maneno ya kiserikali yanasema "mwitikio wa dharura", aliyasikia redioni mara nyingi mwaka ule, na kila mara alijiuliza kama anayeyatamka anajua kuitikia ni nini. Kwenye bendi, ukiingia wakati wenzako wameshanyamaza na wanafunga vyombo vyao, hujaitikia. Umeanza wimbo wako mwenyewe. Unaweza kuupiga vizuri, kwa tarumbeta ya dhahabu, lakini ni wako.

Hakuwa na hasira alipofikiria hayo. Angependa kuwa nayo. Aliyafikiria kama mtu anayehesabu viti.

Wasike alirudi. "Boss, hii ni ya hoteli. Watu wamefiwa hapa. Weka gospel."

Kang'ethe akaweka gospel.

Helikopta ilishuka saa ya chakula cha mchana ikiwa imepita. Upepo wake uliinua mchanga ukaingia hemani, ukaangusha viti vya nyuma, na akina mama wakafunika watoto wao kwa leso. Wasike alionyesha ishara, Lewis akabonyeza wimbo wa kukaribisha wageni, ule wa vifijo na kinanda cha haraka, na mheshimiwa akaingia akipunga mkono, akifuatwa na watu wenye miwani. Aliketi. Akasimama. Akaongea.

Aliongea vizuri, Kang'ethe hakuweza kumnyima hilo. Sauti yake ilikuwa nzito na ilikaa vizuri kwenye maiki. Alisema serikali ilikuwa pamoja nao tangu dakika ya kwanza. Alisema fedha zimetengwa, michoro ya nyumba iko tayari, na kwamba wasikubali kupotoshwa na watu wa siasa. Aliomba dakika moja ya kimya kuwakumbuka waliotutoka, na kabla haijafika nusu simu ya mtu wake ikalia, akasema "Amina," akaendelea. Watu walipiga makofi mahali pa kupiga makofi.

Kisha Wasike akachukua maiki. "Sasa tumkaribishe mmoja wetu, ambaye alipoteza familia yake hapa, atoe neno la shukrani. Mama Kui, karibu."

Bado walimwita Mama Kui.

Wangare alitembea mpaka mbele. Alipokea maiki kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kikombe cha moto. Kang'ethe alipandisha sauti yake kidogo, maana alijua dada yake huongea kwa sauti ya chini.

Wangare hakusema kitu.

Watu walingoja. Mpiga picha wa televisheni alisogea karibu. Mheshimiwa alitabasamu, akatikisa kichwa kumpa moyo. Wangare alikuwa ameangalia mbele, juu ya vichwa vyao, upande ambao bonde linashuka kuelekea kwenye mgunga. Maiki ilikuwa karibu na mdomo wake, na kutoka kwenye spika zote nne ilisikika pumzi yake. Inaingia, inatoka. Ilikuwa ya kawaida kabisa, haikuwa ya mtu anayelia. Ilijaza hema lote, na kule nje wasichana waliokuwa wakichezea kamba za hema wakaacha.

Wasike alikuja nyuma ya mixer akiwa ameinama. "Boss, maiki imekufa."

"Haijakufa. Sikiliza."

Wasike alisikiliza. Uso wake ukabadilika. "Basi mshushe. Mshushe, uweke muziki."

Kidole cha Kang'ethe kilikuwa juu ya swichi ya maiki ile. Hakikusogea. Baadaye watu wa Section 58 walisema alikataa amri ya serikali mbele ya mheshimiwa, na wengine wakampigia simu kumpongeza. Si kweli. Hakukataa. Alisikia alichoambiwa, akakielewa, na mkono wake ukakaa pale pale kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeuacha mezani. Alikuwa anasikiliza pumzi ya dada yake. Hakuwa amesikiliza kitu namna ile tangu mwaka uliopita, na hata hivyo hakujua kama anaumia au la.

"Wewe!" Wasike akamgeukia Lewis. "Weka muziki!"

Lewis alimtazama Kang'ethe, akamtazama Wasike, akamtazama askari aliyekuwa akija upande wao. Ana watoto watatu. Akabonyeza. Hakuna aliyekuwa amebadilisha wimbo tangu helikopta ishuke, kwa hiyo ulipasuka ule ule wa kukaribisha wageni, na vifijo vyake na kinanda chake, juu ya pumzi ya Wangare.

Wangare aliangalia spika. Akaweka maiki mezani, polepole ili isigonge, akarudi kwenye kiti chake. Mheshimiwa alianza kupiga makofi, na watu wakapiga pia.

Waligawa unga na blanketi. Helikopta ikaondoka na mchanga wake. Kang'ethe na Lewis walianza kukunja nyaya, mpaka Lewis akasimama na spika mabegani.

"Mzee, nilibonyeza bila kufikiria. Sikujua ni ule."

"Najua."

"Unaweza kunitukana, mzee. Ingekuwa afadhali."

"Shika vizuri hiyo, Lewis. Itakuangukia mguuni."

Wasike alikuja akiwa peke yake. Simu zake alikuwa amezizima. Mtu fulani alikuwa amemwambia. "Boss, ungeniambia ni dada yako."

"Ungefanya nini?"

Wasike alifikiria kweli, kwa uaminifu, akiangalia viatu vyake vilivyojaa vumbi. "Ningechukua mtu mwingine," alisema.

Kang'ethe aliitikia kwa kichwa. Wasike akamshika bega, akaenda kwenye gari.

Kang'ethe alimpeleka Wangare mpaka chumbani kwake Mai Mahiu, Lewis akabaki na gari. Kilikuwa chumba cha mabati nyuma ya duka la vipuri, kitanda kimoja, jiko la gesi, blanketi ya serikali bado ndani ya nailoni yake. Wangare aliteleka chai.

"Ulisahau maneno?" Kang'ethe aliuliza.

"Sikusahau. Unga, blanketi, nyumba. Nilikuwa nayo yote." Alikoroga chai. "Ile maiki iliponifikia nikasikia mtu anapumua. Kwa nguvu, kila mahali. Nikashangaa ni nani. Nikawa nangoja amalize ndio niongee."

"Halafu?"

"Halafu nikajua ni mimi."

Alimpa kikombe. Barabarani malori yalikuwa yakibadilisha gia kuanza kupanda mlima. Kang'ethe alikunywa chai yote, ingawa ilimwunguza ulimi, kisha akamwambia akusanye nguo zake waende Nakuru. Wangare hakubisha. Alichukua begi moja, akamwachia jirani jiko la gesi. Blanketi aliiacha kitandani.

Video ilizunguka kwenye simu za watu kwa muda. Wengine walisema yule mama ni shujaa, wengine wakasema amenunuliwa na wapinzani, na mmoja akaandika kwamba vyombo vya sauti vilikuwa vibovu. Wangare hakuitazama. Githima kulimwagwa mawe ya ujenzi na malori matatu ya kokoto, na mtu akachora mistari ya chokaa ardhini. Wasike hakupiga simu tena. Lewis aliendelea na kazi yake kama kawaida, ila akawa anakagua nyimbo zilizo kwenye foleni mara mbili mbili kabla ya kila shughuli, hata harusi.

Nyumbani Wangare alimsaidia Joan kuuza maziwa asubuhi, na mchana alishona vitambaa. Jumapili moja baada ya kanisa alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Weka ile ya tarumbeta. Uliyoweka kabla huyo kijana hajakukataza."

Kang'ethe aliiweka. Walisikiliza yote.

"Huyu anapiga kama mtu amefunika mdomo kwa kiganja," Wangare alisema.

"Kuna kifuniko anaziba nacho tarumbeta."

"Kwa nini anaziba?"

Zamani angeweza kumweleza hilo kwa saa nzima. Angesimama, angechukua tarumbeta yake ya zamani kutoka juu ya kabati, angemwonyesha.

"Sijui," alisema.

"Si kelele sana," Wangare alisema, akaendelea kushona.

Mvua za masika zilichelewa, kisha zikaja alasiri moja kwa mpigo. Joan alikuwa ameenda sokoni. Kang'ethe alikuwa sebuleni na slipas zake miguuni, ametandaza gazeti mezani, anachomelea waya wa maiki. Mvua ilianza kupiga mabati, na sauti ilipokuwa kubwa kiasi cha kuzima redio ya jirani, Wangare alitoka chumbani. Alikuwa amevaa viatu vya kamba, amevifunga, na sweta imefungwa vifungo mpaka juu. Aliketi kwenye ukingo wa kochi, magoti yameelekea mlangoni.

"Unatoka?" Kang'ethe aliuliza.

"La."

"Hapa ni Nakuru, Wangare. Hakuna mteremko hapa. Maji yanapita barabarani tu."

"Najua."

Hakutoa macho mlangoni. Kang'ethe alichomoa chuma cha kuchomelea, akakiweka juu ya kigae ili kisichome gazeti, akaenda chumbani. Alivaa soksi. Alitafuta viatu vyake vya kazini chini ya kitanda, akavivaa, akafunga kamba, akachukua koti. Kisha akarudi akaketi kwenye kochi kando ya dada yake, naye akaelekeza magoti yake mlangoni.

Wangare alisogea kidogo kumpa nafasi. Walikaa hivyo mpaka mabati yakanyamaza.